Samansi ikibisha hodi: jua haki yako kabla siku 21 hazijaisha

Fungua kurasa za matangazo za gazeti la Kiswahili. Katikati ya viwanja vinavyouzwa, zabuni na nafasi za kazi, hukosi kukuta kisanduku chenye jina la mahakama, namba ya shauri, jina la mdai na jina la mdaiwa. Chini yake mtu fulani anatakiwa afike mahakamani tarehe fulani, na anaonywa kwamba asipofika shauri litasikilizwa bila yeye kuwapo. Wasomaji wengi hulipita tangazo hilo bila kulisoma. Mara nyingi hata aliyetajwa ndani yake halioni.

Tangazo la namna hiyo huja mwisho, baada ya njia nyingine za kumfikishia mtu hati ya wito, yaani samansi, kushindikana. Katika mashauri ya madai, yaani ya deni, mkataba, fidia, nyumba au ardhi, hakuna karatasi inayobeba uzito kama huo na inayoeleweka kidogo kama hiyo. Watu huiogopa kana kwamba ni amri ya kukamatwa. Wengine huichana, wengine huificha chini ya godoro wakiamini kwamba kesi itajifia. Wapo pia wadai wanaofurahi samansi isipomfikia mwenzao, wakidhani wamepata ushindi wa bure. Wote hao wanajidhuru wenyewe.

Chukua mfano mmoja, wa kutunga lakini wenye sura ya mambo yanayotokea. Mwanamume wa Tabata, Dar es Salaam, alimdhamini rafiki yake kwenye mkopo wa biashara. Biashara ikaanguka, rafiki akatoweka, mdhamini naye akahamia Kibaha kwa sababu zake za kifamilia. Mkopeshaji akafungua shauri dhidi ya wote wawili. Samansi ya mdhamini ikapelekwa Tabata, ikaachwa kwa mpangaji mpya asiyemjua. Mahakama ikaelezwa kwamba mdaiwa ameitwa na hakufika. Shauri likasikilizwa upande mmoja, hukumu ikatoka. Mdhamini alijua kwamba ana kesi siku dalali wa mahakama alipofika Kibaha na amri ya kukamata gari lake.

Hapo swali la kwanza la mwanasheria yeyote mwangalifu huwa ni hili: Je, aliitwa ipasavyo? Kiasi cha deni kitafuata baadaye.

Kwa nini mahakama huita kwanza

Kanuni kwamba mtu asihukumiwe kabla ya kusikilizwa ni ya kale kuliko mahakama zetu. Wanasheria wa Uingereza bado wanalikumbuka shauri la Dakta Bentley la mwaka 1723, ambamo jaji mmoja alikumbusha kwamba hata Mungu hakumwadhibu Adamu kabla ya kumwita na kumuuliza alipo na alichofanya. Katika mapokeo ya Kiislamu yanajulikana mafundisho ambayo Mtume Muhammad alimpa Ali alipomtuma Yemen kuwa kadhi, kwamba asiamue kati ya wagomvi wawili mpaka amsikilize wa pili kama alivyomsikiliza wa kwanza. Hata wazee wa mtaa wakiketi kusuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba, jambo la kwanza ni kumtuma kijana akamwite jirani anayelalamikiwa.

Tanzania imeiweka kanuni hiyo mahali pa juu kabisa. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inampa kila mtu, haki na wajibu wake vinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine, haki ya kupewa fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Katika shauri la kampuni ya Mbeya-Rukwa Autoparts and Transport, lililochapishwa katika ripoti za sheria za mwaka 2003, Mahakama ya Rufani ilisisitiza kwamba haki ya kusikilizwa haikubaki tena kuwa kanuni ya busara ya majaji tu, bali ni haki ya msingi ya kikatiba. Mahakama hiyo hiyo imeshaamua pia kwamba uamuzi uliotolewa bila upande mmoja kusikilizwa hubatilishwa hata kama matokeo yangekuwa yale yale iwapo upande huo ungesikilizwa.

Uamuzi huo una maana kubwa kwa mdai. Unaweza kuwa na deni la kweli, risiti zote mkononi na mashahidi wanaoaminika. Kama mwenzako hakuitwa inavyotakiwa, hukumu yako inasimama juu ya mchanga.

Hati halali huwa na nini

Kwa Mahakama Kuu, mahakama za hakimu mkazi na mahakama za wilaya za Tanzania Bara, mwongozo ni Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, iliyotungwa mwaka 1966. Sheria hiyo ilichukua nafasi ya ile ya India ya mwaka 1908, iliyokuwa ikitumika Tanganyika tangu enzi ya ukoloni, na bado imebeba mengi kutoka huko. Mambo ya wito yamo katika Amri ya Tano ya jedwali lake la kwanza. Zanzibar ina sheria yake. Mahakama za Mwanzo nazo zina kanuni zao za mwaka 1964, ambazo zinaruhusu hata madai kutolewa kwa mdomo na kuandikwa mahakamani.

Ukikabidhiwa samansi, usikimbilie kutafuta mtu wa kukuonea huruma. Kaa chini uisome. Angalia jina la mahakama na mahali ilipo, namba ya shauri na mwaka wake, majina ya mdai na mdaiwa. Angalia kama jina ni lako kweli au la mtu mwingine mnayefanana majina. Kisha tafuta saini na muhuri. Hati ya wito husainiwa na jaji au hakimu, au ofisa aliyeidhinishwa kufanya hivyo, na hugongwa muhuri wa mahakama. Karatasi isiyo na muhuri wala saini haina nguvu ya mahakama, hata ikiwa imeandikwa kwa lugha kali namna gani.

Baada ya hapo tazama unaitiwa nini, kwa kuwa kuna wito wa aina mbili. Mmoja unakutaka ufike mahakamani siku na saa iliyotajwa ukajibu madai. Mwingine unakutaka uwasilishe utetezi wako kwa maandishi ndani ya siku 21. Huu wa pili ndio unaowaponza wengi, kwa sababu mtu hutafuta tarehe ya kufika, asiione, akahitimisha kwamba hana haraka. Kumbe saa ilishaanza kuhesabu.

Mwisho, hakikisha samansi imekuja pamoja na nakala ya hati ya madai. Hilo ni sharti la sheria, kwa sababu mtu hawezi kujibu asichokijua. Hati ya madai ndiyo inayoeleza nani anakudai, unadaiwa nini, jambo lilitokea lini na wapi, kwa nini mahakama hiyo ndiyo yenye mamlaka, thamani ya kinachogombaniwa ni kiasi gani, na mdai anaomba mahakama imfanyie nini. Kama mkataba au hati nyingine ndiyo msingi wa madai, mdai anatakiwa kuiambatanisha. Ukikabidhiwa karatasi moja tu ya wito bila maelezo mengine, usiitupe. Nenda masjala ya mahakama iliyotajwa, taja namba ya shauri, uombe nakala.

Samansi pia isichanganywe na karatasi nyingine zinazogongwa mlangoni. Barua ya wakili inayokudai ulipe ndani ya siku saba au 14 ni barua ya madai, na kwa kawaida hutangulia kesi. Kuitwa kituo cha polisi kwa sababu ya deni si wito wa mahakama ya madai. Wito wa shahidi nao ni tofauti: anayeupokea hadaiwi kitu, anaitwa kusema anachokijua, na upande uliomwomba unatakiwa kuweka mahakamani fedha za nauli na gharama zake. Na mdaiwa halipi chochote ili apokee samansi yake. Anayekuomba hela ya kukukabidhi anakudanganya.

Siku 21 zinahesabiwaje

Siku 21 za kuwasilisha utetezi huanzia tarehe uliyopokea samansi. Tarehe iliyoandikwa kwenye hati na siku mdai alipofungua shauri hazihusiki katika hesabu hiyo. Siku yenyewe ya kupokea haihesabiwi. Kwa hiyo unapotia saini nakala inayorudi mahakamani, andika kwa mkono wako tarehe na saa, na uandike hivyo hivyo kwenye nakala inayobaki kwako. Mstari huo mmoja umeshawaokoa watu kwenye mabishano marefu.

Utetezi wa maandishi unatakiwa ujibu madai hoja kwa hoja. Jambo lililodaiwa ambalo hukulikanusha linaweza kuchukuliwa kwamba umelikubali. Kusema tu kwamba yote ni uongo hakutoshi. Ikiwa deni ni la shilingi milioni 18 na wewe umeshalipa milioni 10, sema hivyo na uambatanishe risiti au miamala ya simu. Ikiwa nawe unamdai mdai, huo ndio wakati wa kuleta madai yako dhidi yake.

Je, siku zikikupita? Kwa marekebisho yaliyofanywa mwaka 2019 kwa Tangazo la Serikali Namba 381, mdaiwa anaweza kuomba muda kabla siku 21 hazijaisha, au ndani ya siku saba baada ya kuisha, akieleza sababu ya msingi ya kuchelewa. Mahakama ikiridhika humwongezea siku 10. Dirisha hilo ni dogo, na limewekwa dogo kwa makusudi, ili mashauri yasiote mizizi. Kwa hiyo mtu aliyekaa na samansi kabatini mwezi mzima akisubiri ushauri wa shemeji ameshajifungia mlango.

Nani apokee, nani asipokee

Kanuni ya kwanza ni kwamba samansi akabidhiwe mdaiwa mwenyewe, mkono kwa mkono, pale inapowezekana, au wakala wake mwenye mamlaka ya kuipokea. Wadaiwa wakiwa watatu, kila mmoja apewe yake. Mume na mke walioshitakiwa pamoja ni wadaiwa wawili, na karatasi ya mmoja haimtoshi mwingine.

Mdaiwa asipopatikana, inaweza kukabidhiwa mtu mzima wa familia yake anayeishi naye. Maneno hayo yana mipaka. Mtoto wa shule hapokei kwa niaba ya baba. Kaka anayeishi mji mwingine haishi naye. Na sheria imesema wazi kwamba mtumishi wa nyumbani si mwanafamilia kwa jambo hili, hata awe amekaa nyumbani humo miaka mingi na anaheshimiwa kama ndugu. Mpangaji mpya wa Tabata katika mfano wetu hakuwa mwanafamilia wala wakala. Kumwachia yeye karatasi ya mdhamini hakukuwa kumwita mdhamini.

Kampuni huitwa kupitia katibu wake, mkurugenzi au ofisa wake mkuu, au kwa kuiacha au kuituma hati kwenye ofisi yake iliyosajiliwa. Mlinzi wa getini hayumo katika orodha hiyo. Mfungwa huitwa kupitia mkuu wa gereza alimo. Anayetaka kuishitaki Serikali ana kazi ya ziada kabla hajafikia hatua ya samansi: lazima kwanza atoe notisi ya siku 90 na kumpa nakala Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Mashauri mengi ya wananchi dhidi ya halmashauri na taasisi za umma hukwama hapo, hata yale yenye malalamiko ya kweli.

Anayepeleka hati ni ofisa wa mahakama au msambaza nyaraka aliyeidhinishwa. Kazi hiyo ina kanuni zake za mwaka 2017, Tangazo la Serikali Namba 363, zinazoweka masharti ya uteuzi, malipo na nidhamu ya madalali wa mahakama na wasambaza nyaraka. Sheria inawadai jambo moja la msingi: baada ya kupeleka hati, waseme kwa maandishi walivyofanya. Walifika wapi, siku gani, saa ngapi, nani aliwaonyesha nyumba au mtu, nani alishuhudia. Taarifa hiyo huambatana na kiapo. Kiapo kisemacho tu kwamba mdaiwa alipewa akakataa, bila jina la shahidi, bila mtaa, bila saa, ni kiapo dhaifu. Hakimu ana mamlaka ya kumwita aliyeapa na kumhoji.

Hapa ndipo mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji wa kijiji au kata wanapoingia. Wao ndio wanaojua nani anakaa wapi, nani amehama, nani yuko safarini. Saini na muhuri wa ofisi yao kwenye taarifa ya msambaza nyaraka huipa uzito mkubwa. Kwa sababu hiyo hawapaswi kuigonga muhuri karatasi wasiyoijua, wala kwa ajili ya urafiki, wala kwa ajili ya bahasha. Muhuri wa mtendaji uliogongwa ovyo unaweza kumuuzia mtu nyumba yake bila yeye kujua.

Mlango ukifungwa

Kukataa kupokea samansi hakuzuii kesi. Mdaiwa akikataa kutia saini, au akikimbia kila msambaza nyaraka anapokuja, nakala inaweza kubandikwa kwenye mlango au sehemu inayoonekana ya nyumba anamoishi au anamofanyia kazi, na taarifa kupelekwa mahakamani. Mahakama ikijiridhisha kwa kiapo, itatamka kwamba ameitwa. Kuanzia hapo yule aliyejificha chumbani ndiye aliyejifungia nje ya chumba cha mahakama.

Ikishindikana hata hivyo, mdai anaweza kuomba kibali cha kumwita mdaiwa kwa njia mbadala. Mahakama huruhusu pale inapoona kwamba mdaiwa anakwepa kwa makusudi, au kwamba njia ya kawaida imeshindikana kwa sababu nyingine. Hati hubandikwa mahakamani na kwenye nyumba aliyojulikana kuishi mara ya mwisho, au hufuatwa njia nyingine mahakama itakayoona inafaa, ikiwamo tangazo la gazetini. Wito huo una nguvu sawa na ule wa mkono kwa mkono.

Kwa sababu una nguvu hiyo, haupaswi kutolewa kirahisi. Mwandishi wa makala haya anaamini, na anasema bila kusita, kwamba tangazo la gazeti limekuwa njia ya mkato kwa baadhi ya wadai. Mtu unajua namba ya simu ya mdaiwa, unajua duka lake, mnasali naye msikiti au kanisa moja, halafu unaiambia mahakama kwamba hajulikani alipo. Gazeti linalouzwa Kariakoo asubuhi haliwezi kumfikia mkulima wa Mpanda au mvuvi wa Kilwa Kivinje kwa uhakika. Hakimu anayepokea ombi la namna hiyo ana wajibu wa kuuliza maswali magumu: ulikwenda mara ngapi, ulimuuliza nani, simu yake ilisema nini, mtendaji wa eneo anasemaje? Kiapo kisichojibu hayo kirudishwe.

Hukumu ya upande mmoja na njia ya kuitengua

Muda ukipita na mdaiwa hajajibu wala kufika, mahakama ikiridhika kwamba aliitwa ipasavyo inaweza kumruhusu mdai athibitishe madai yake peke yake. Hukumu inayotoka hapo ni hukumu kamili. Inakazwa kama nyingine, mali inakamatwa, nyumba inapigwa mnada.

Hata hivyo, aliyekosa kufika hakupoteza kila kitu. Katika shauri la kampuni ya Cosmas Construction dhidi ya Arrow Garments, lililochapishwa katika ripoti za sheria za mwaka 1992, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba mtu ambaye shauri lake lilisikilizwa bila yeye kuwapo bado ana haki ya kujulishwa tarehe ya kusomwa kwa hukumu, ili akitaka afike na achukue hatua zinazofuata. Kumficha tarehe hiyo ni kosa jingine juu ya kosa.

Njia ya kuitengua hukumu ya upande mmoja ni kurudi kwenye mahakama ile ile iliyoitoa na kuthibitisha moja kati ya mambo mawili: kwamba hukuitwa ipasavyo, au kwamba ulizuiwa na sababu ya msingi, kama ugonjwa wenye ushahidi wa hospitali. Ombi hilo linatakiwa kufikishwa ndani ya siku 30. Ukijua habari ya hukumu baada ya siku hizo, unaanza kwa kuomba uongezewe muda, ukieleza siku uliyojua na hatua ulizochukua tangu siku hiyo. Anayekaa wiki tatu tangu kujua bila kufanya lolote atapata shida kueleza ukimya wake.

Kwa mdhamini wetu wa Tabata, basi, hatua ya busara ni kwenda masjala siku hiyo hiyo, kuomba kuona jalada la shauri, na kusoma kiapo cha aliyesema amemwita. Ndani yake ataona jina la mtaa alioshahama na jina la mpangaji asiye ndugu yake. Akiwa na barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa wa Kibaha inayoonyesha tarehe aliyohamia, anayo hoja nzito. Kumfukuza dalali wa mahakama kwa mapanga hakumpi hoja yoyote, na kunamwongezea kesi ya jinai.

Na mkopeshaji? Akishindwa hapo, atarudi mwanzo akiwa ametumia ada, gharama za wakili na miaka. Fedha alizookoa kwa kutomtafuta mdhamini Kibaha atazilipa mara kadhaa.

Simu, lugha na wajibu wa mahakama

Majirani zetu wamesogea hatua ambayo inafaa kutazamwa. Nchini Kenya, kanuni za mwaka 2010 zinasema hati ya wito huwa hai kwa miezi 12 tangu ilipotolewa, na mdai asipoichukua kwa ajili ya kuipeleka ndani ya siku 30 tangu ilipotolewa au alipojulishwa, shauri lake linakufa. Mwaka 2020 kanuni hizo ziliongezewa vifungu vinavyoruhusu wito kupelekwa kwa barua pepe na kwa programu za ujumbe za simu, kwenye anwani au namba ya mwisho ambayo mdaiwa alithibitika kuitumia, na anayepeleka anatakiwa kuapa na kuambatanisha uthibitisho kwamba ujumbe ulifika.

Tanzania nayo ina kanuni za ufunguaji wa mashauri kwa njia ya kielektroniki za mwaka 2018, na mahakama zetu zinazidi kuhamia kwenye mtandao. Sasa simu itumike pia kumtafuta mdaiwa kwa bidii. Ujumbe wa simu uwe nyongeza ya wito wa mkono na utangulie tangazo la gazeti, wala usiwe kisingizio cha kuacha kwenda kumtafuta mtu. Namba za simu hubadilika, laini hupotea, na wapo wazee wanaosomewa ujumbe na wajukuu.

Kuna jambo la lugha pia. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki, ingawa kanuni za mwaka 2022 zimeacha nafasi ya Kiingereza katika mazingira fulani. Kwa hati ya wito hapapaswi kuwa na mjadala. Hii ni karatasi inayomfikia mama wa sokoni Njombe na dereva wa lori Tunduma kabla hajaonana na wakili yeyote. Iandikwe kwa Kiswahili chepesi, kwa herufi zinazosomeka, ikieleza kwa mistari michache unadaiwa na nani, ufanye nini, ndani ya siku ngapi, na uende ofisi gani ukihitaji maelezo. Namba ya simu ya masjala iwepo. Gharama yake ni wino tu.

Mahakama zikifanya hilo, sehemu inayobaki ni yetu. Ukipokea samansi, ipokee kwa utulivu, andika tarehe, isome yote na nakala ya madai yake. Usitie saini kwa niaba ya mtu usiyeishi naye. Kama huna fedha za wakili, tafuta msaada mapema. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua watoa msaada wa kisheria na wasaidizi wa kisheria waliopo hata wilayani, na taasisi kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania zimekuwa zikiwapokea wananchi kwa miaka mingi. Kama hati ina kasoro, nenda mahakamani uiseme kasoro hiyo siku ya kwanza, maana ukishajibu na kushiriki bila kulalamika, ni vigumu baadaye kudai kwamba hukuitwa. Na kama wewe ndiye mdai, toa anwani ya kweli, namba ya kweli, na umpeleke msambaza nyaraka mpaka mlangoni pa mwenzako.

Anayeitwa mahakamani amepewa nafasi ya kusema, na siku 21 ni chache. Zitumie.